VPN ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipotuambia kwamba kule Uarabuni aliko simu za mtandaoni zimefungwa, na kwamba ili tusikilizane lazima apitie VPN, mama aliuliza kama hiyo VPN iko mbali na nyumba anayofanyia kazi. Alidhani ni mtaa. Nilicheka, halafu nikajikuta siwezi kumweleza, maana neno lenyewe nililijua juu juu tu. Mwishowe nikamwambia ni kama mtu anayetoka kwa mlango wa uani, akapita kwa jirani, akatokea barabara ya pili, ili aliyekaa barazani asijue ameelekea wapi. Mama akasema kumbe ni jambo la kawaida, wanawake wa mtaa wetu wamelifanya miaka yote.

Mtaa wetu ni Kaloleni, Voi. Baba alikuja hapa kutoka Pwani, akafungua duka la nguo, akafariki, na duka halikukawia kumfuata. Tukabaki na nyumba na mama. Tumezaliwa wawili tu, mimi na huyo mdogo wangu. Mimi niliolewa, nikaachika, nikarudi na mwanangu, ambaye sasa yuko shule ya bweni. Kazi yangu naifanyia chumbani: watu wa mbali wananitumia mikutano na mahojiano yaliyorekodiwa, nami navaa hedifoni, nasikiliza na kuandika kila neno. Kwa hiyo mambo ya mtandao nyumbani kwetu ni yangu, pamoja na mambo ya tangi kukauka na choo kuziba.

Siku mdogo wangu alipoondoka kwenda kufanya kazi za nyumbani kwa Waarabu, mama alikataza nyumba isifagiwe mpaka jioni, kama ilivyo desturi yetu mtu akisafiri. Jioni ile akaweka nadhiri. Aliitamka mbele yangu, bado yuko juu ya msala, kwamba atafunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka mwanawe aingie tena kwa mlango ule. Mama ana sukari na presha. Daktari alimkataza asifunge. Ustadh wa msikitini alikuja akamweleza kwamba nadhiri inayodhuru mwili ina njia yake, atoe kafara, alishe masikini, yaishe. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai na mahamri, akaendelea kufunga. Alisema yeye hakuweka nadhiri ya kulisha masikini. Hata hina aliiacha, Idi ikaja na kupita mikono yake iko mitupu.

Mdogo wangu akawa anapiga simu magharibi siku za funga, ili mama afuturu akimsikia. Lilikuwa wazo lake mwenyewe na nilimpenda kwa ajili yake. Nilikuwa naweka simu kwenye kigoda, nimeiegemeza kwenye jagi la maji. Adhana inatoka, mama anashika tende yake, na haili. Anangoja sauti. Na sauti ikifika inafika vipande: nusu ya neno, kimya, mkwaruzo, nusu nyingine. Picha ndiyo haikuwahi kuja kabisa. Mara, "Mama, VPN imekata, nitapiga siku nyingine," basi. Kuna jioni simu ilichelewa mno mkono wa mama ukaanza kutetemeka na jasho kumtoka, nami nikamfokea kama mtoto, nikamwambia ale. Akanijibu kwa upole, "Hebu ngoja kidogo, mwanangu. Anaitafuta njia ya uani."

Hapo ndipo niliposema nitaitafuta mimi hiyo njia. Nilitaka mama ale kwa wakati. Sikuwa na haja nyingine yoyote na VPN.

Nilianza na zile za bure, kwa kuwa ndizo mdogo wangu alisema anatumia. Ya kwanza, kabla sijaiwasha, iliniomba ruhusa ya kuona majina yote ya watu kwenye simu yangu. Wewe ni mlinzi wa siri, majina ya mashangazi zangu unayatakia nini? Nikaifuta. Ya pili haikuomba kitu, ila kila nikiiwasha ilinionyesha matangazo ya kamari, na nilipokaa nikasoma masharti yake, yale maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma, nikakuta wanajiruhusu kuuza habari za unakokwenda kwa yeyote anayenunua. Yaani jirani anakupitisha uani kwake, halafu anakwenda barazani kuwasimulia. Ya tatu ilikuwa nyepesi na ya haraka, na karibu niipende, lakini ilikuwa na tabia ya kuzimika kimyakimya bila kukata mtandao, ukabaki uko nje uchi huku unadhani umejifunika.

Hilo lilinitisha kuliko yote. Sikuwa nafikiria siri kama watu wa matangazo wanavyozifikiria. Nilikuwa namfikiria msichana wa kazi katika nyumba ya watu, kwenye nchi inayokataza, akishikwa na simu yake. Niliwaza bosi wake akiona kwenye mtandao wa nyumba yake anachokifanya. Kwa ajili yake nilisoma mambo ambayo sikujua yapo. Nilijifunza kuuliza kampuni iko nchi gani na kama inaweka kumbukumbu za wateja. Nilijifunza kujaribu kuizima ghafla katikati ya simu ili nione kama mtandao unakatika nayo, inavyotakiwa. Na kasi niliipima asubuhi, mchana na magharibi, maana mtandao wa Voi magharibi kila mtu anautaka.

Mwishowe nikapata moja ya kulipia, nikailipia mimi, nikamtumia mdogo wangu namna ya kuiweka. Nikamtumia na maelezo ya kuijaribu, kwa sauti, polepole, kama ninavyomweleza mama. Kwanza aache VPN ikiwa imezimwa, afungue ukurasa fulani unaomwambia mtu mtandao unamwona yuko nchi gani na mawimbi yanachukua muda gani kwenda Nairobi na kurudi, aupige picha. Kisha aiwashe, aufungue tena, apige picha ya pili. Nikilinganisha picha mbili nitajua kama njia inafunika au inavuja, na kama ina kasi au haina.

Alichelewa sana kunijibu. Mara madamu wake yuko karibu, mara simu haina moto, mara amesahau. Nilimhimiza. Nilimwambia mama anatetemeka. Hatimaye picha zikaja, zote mbili pamoja, bila neno.

Ile ya pili, VPN ikiwa imewashwa, ilikuwa sawa, ilitaja nchi nyingine. Ile ya kwanza ilisema Kenya. Ilitaja Nairobi, kama ukurasa ule unavyotuhesabu sote wa huku kuwa tuko Nairobi, na jina la kampuni ya simu ileile tunayotumia hapa Voi.

Nilikasirika, nikaikasirikia VPN. Nilijua mara moja tatizo ni nini: programu hii haizimiki. Mtu akiizima inabaki imemshika, tena inamwonyesha yuko kwao. Nimelipa pesa zangu kwa takataka. Nikakaa nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja barua pepe ya Kiingereza kikali, nikaambatisha picha, nikawaambia kuna binti wa watu ambaye usalama wake unategemea kitu chao na wao wanacheza.

Walinijibu kwa upole wa watu wanaolipwa kuwa wapole. Walisema wamezitazama picha. Katika ya kwanza programu imezimwa vizuri, haina kosa lolote. Anwani inayoonekana ni ya kampuni ya simu ya Kenya, haihusiani nao. Na ule muda wa mawimbi kwenda Nairobi na kurudi ni mfupi mno, haiwezekani mtu akaupata akiwa Uarabuni. Mteja huyo, waliandika, yuko Kenya. Wakanitakia siku njema, wakaweka na kile kichwa cha njano kinachotabasamu.

Niliwatukana, kwa sauti, peke yangu chumbani. Halafu nikachukua simu yangu, nikafungua ukurasa uleule, hapohapo kitandani Kaloleni, VPN ikiwa imezimwa. Muda wangu na muda wa mdogo wangu vilikuwa karibu sawa. Jina la kampuni lilikuwa lilelile. Niliziweka picha mbili pamoja nikazitazama mpaka skrini ikajizima yenyewe.

Nilitoka. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, akaniuliza kama nimeshaipata njia. Nikamwambia bado kidogo. Nikazunguka uani, nikampigia mdogo wangu, naye akapokea akidhani ni habari ya mama.

"Uko wapi?" nikamwuliza.

Akanyamaza. Mimi nalipwa kwa kusikiliza, na katika kile kimya nilimsikia mtu nyuma yake akinadi vitunguu kwa Kiswahili. Akakata. Baada ya muda ujumbe ukaingia: *Taveta. Usimwambie mama. Njoo.*

Nilimdanganya mama kwamba naenda Mwatate kwa shughuli za kitambulisho. Hilo pia namdai mdogo wangu, kwamba alinifanya nimdanganye mama usoni. Mwatate nilipita na gari la asubuhi, nikapita Bura, nikapita Maktau, na njia nzima nilikuwa namtafutia udhuru. Labda alifukuzwa juzi tu. Labda ni mgonjwa. Labda kuna mtu amemzuia. Nilikuwa tayari kumlilia, wallahi.

Nilimkuta karibu na soko, kwenye kibanda cha vitenge. Amenawiri, uso umejaa. Mikono yake ilikuwa na hina, mpya, nyeusi mpaka kwenye viganja. Nikaitazama ile hina nikasahau salamu.

"Umekonda, dada," akaniambia.

"Umerudi lini?"

Akanisogezea kigoda. Akasema kule alikwenda kweli, nisidhani ni uongo tangu mwanzo. Alifanya kazi miezi kadhaa, halafu familia ile ikahama, wakamlipa haki yake wakamkatia tiketi. Hawakumtesa. Akatua Mombasa, akapanda gari la Taveta, kwa rafiki yake aliyemwahidi nafasi ya biashara.

"Gari la Taveta linapita Voi," nikasema.

"Lilisimama Voi. Watu walishuka kunywa chai."

"Na wewe?"

"Nilikaa ndani. Nilijifunika mtandio."

Nikamwuliza kwa nini. Nilimwuliza kwa sauti ya chini, maana wateja walikuwa wakipita. Akakunja kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari.

"Ningeshuka pale, ningekuwa wa mama," akasema. "Wewe una kazi yako, una mtoto. Mimi sina mume, sina mtoto. Mngesema mwenye nafasi ni nani? Ningemaliza umri wangu pale nikipima sukari na kuteka maji."

"Na mimi umri wangu unaishia wapi?"

"Wewe umezoea, dada."

Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekusifu. Nimetukanwa na aliyekuwa mume wangu, na ndugu zake, hadharani, na sijawahi kuumia namna ile. Muda wote nilidhani tunambeba mama sisi wawili, yeye kwa jasho lake ugenini, mimi kwa mikono yangu hapa nyumbani. Kumbe nilikuwa peke yangu na mwenzangu alikuwa anajua. Alikuwa amelihesabu hilo na kuona linamfaa.

Nikamwuliza habari za VPN.

"Kule nilikuwa naitumia kweli," akasema. "Huku nikawa naitaja tu. Mtandao wa hapa nao una siku zake. Na nikichoka kuongea, nasema imekata."

"Mama alikuwa na tende mkononi."

Akamgeukia mteja aliyekuwa anapita, akamtajia bei ya kitenge.

"Nilikwambia. Nilikwambia hali kitu mpaka akusikie. Nilikwambia anatetemeka. Na hiyo nadhiri unaijua, haifunguki mpaka uingie mlangoni. Wewe ndiye unayemfungisha."

"Mimi sikumwomba afunge," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Machozi yake nilishayafuta tangu tukiwa wadogo, mara nyingi. Siku ile niliyaacha yashuke.

Kabla sijaondoka nilimpa neno moja. Jumatatu, adhana ya magharibi, awe amesimama mlangoni kwa mama. Aseme lolote atakalo, aseme amepewa likizo, aseme amefukuzwa, aje na sanduku kama mtu aliyetoka uwanja wa ndege, mimi nitanyamaza na siri hiyo nitaingia nayo kaburini. Mradi aingie, mama awe huru. Asipokuja, nitasema kila kitu. Akaniapia atakuja. Akanifungia kitenge kizuri nimpelekee mama, nami nikakiacha juu ya kigoda.

Jumatatu nilifagia mpaka nje ya kizingiti. Nilipika mkate wa sinia, nikakaanga viazi vya karai, nikachemsha chai ya tangawizi ambayo mdogo wangu huipenda na mama haruhusiwi kuitia sukari. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, midomo imemkauka, akaniuliza kama tuna mgeni. Nikamwambia huenda. Akanitazama kidogo, akavuta kanga yake vizuri. Mlango niliuacha wazi.

Adhana ilianza. Nilikuwa nasikiliza kama ninavyosikiliza kazini, nikitenganisha sauti: bodaboda inapita, jirani anaita mtoto, viatu vinakuja, viatu vinapita. Ndipo simu ikatikisika kwenye kigoda. Kwanza iliingia picha, ukurasa ule niliomfundisha, umeandikwa nchi ya Uarabuni. Chini yake maneno: *Nimeiwasha. Hii yako ni nzuri sana. Nipe muda, dada.* Kabla sijayameza hayo, simu ikaita.

Mama akaipokea. Na sauti ikaja nzima, haijakatika hata neno. Haikuwa na mkwaruzo, haikuchelewa. Mama akashtuka kwa furaha, akaniangalia, akaniashiria nisogee nisikie. Mdogo wangu akamwambia likizo wamemkatalia, madamu amejifungua, labda mwakani. Mama akamtuliza. Akamwambia asigombane na watu kwenye nyumba yao, avumilie, Mungu yupo. Akala tende yake huku anamsikiliza, taratibu, akanywa maji. Walizungumza mpaka chai ikapoa, na kwa mara ya kwanza haikukatika.

Alipoiweka simu chini uso wake ulikuwa umenyooka.

"Hata pumzi yake nimeisikia," akasema. "Umefanya kazi, mwanangu. Mungu akulipe."

Nilikuwa nimejipanga kusema kwa upole. Nilikuwa na maneno yangu tayari tangu Taveta. Yote yakanipotea.

"Mama, yuko Taveta."

Akaendelea kufuta vidole vyake kwa kanga. Nikamweleza, kuanzia picha ya kwanza mpaka gari lililosimama Voi. Sikumficha ya chai, wala ya mtandio. Neno la mimi kuzoea ndilo nililolibakiza, lile ni langu. Aliniacha nimalize. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hivyo leo amesikika vizuri kwa sababu yuko karibu?"

"Hapana, mama. Sauti yake imetoka Taveta ikaenda Uarabuni, ikazunguka, ndipo ikaja hapa. Ameipitisha huko makusudi. Kwa njia niliyomtafutia mimi."

Mama akautazama mlango, ambao ulikuwa bado wazi na mbu wanaingia. Nikainuka kuufunga. Akaniambia niuache.

Nilitaka alie, au anikasirikie, au aniombe nimpigie ili amtukane. Nilihitaji mtu wa kukasirika naye pamoja. Badala yake alikusanya vyombo, akaosha mikono, akatandika msala kabla ya wakati wa Isha, akakaa juu yake akingoja uingie. Tangu jioni ile mdogo wangu amenitumia ujumbe mwingi wa pole na sijaujibu. Ile VPN nimeacha kuilipia. Sijamsamehe, na watu wanaoniambia ni damu yangu nawajibu kwamba ndiyo maana.

Alhamisi nilimkuta mama jikoni asubuhi, dawa zake ziko mezani hazijaguswa. Nikamwambia sasa basi, nadhiri ile ilikuwa ya mtu aliyeko safarini, na yule hayuko safarini, yuko Taveta anauza vitenge.

"Nilisema mpaka aingie mlangoni," akanijibu. "Hajaingia."

Akaniomba nimsogezee kigoda karibu na mlango, akaketi pale na mchele wake, amefunga.